Kupe Ndani ya Nyumba: Mbwa Anaumwa, Nyinyi Mnanuniana!

Kichaa cha mbwa kila mtu anakijua. Ila kuna ugonjwa mwingine wa mbwa unaoletwa na kupe. Unaingia kimya kimya, unakaa miezi hadi miaka, halafu siku moja unalipuka. Safari hii tunatua Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako mbwa, ng'ombe, migomba na binadamu wanaishi karibu karibu. Kama unaishi Dar, Mwanza au Arusha usifungue ukurasa mwingine, kwa sababu haya yanakuhusu na wewe!

Hebu tuulizane ukweli, mpenzi msomaji. Mara ya mwisho kumpapasa mbwa wenu nyuma ya masikio ilikuwa lini? Sizungumzii kumrushia mabaki ya ugali na kumwambia "toka hapa". Nazungumzia kukaa naye, ukapitisha vidole kwenye masikio, shingoni, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, ukatafuta kupe. Kama jibu ni "sikumbuki", basi soma hadi mwisho, na ukimaliza mpe mwenzi wako naye asome.

MBWA WA KARAGWE SIO PAMBO

Kwa mnaoishi Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Isingiro sina la kuwafundisha hapa. Huko mbwa, au embwa kama wanavyomwita Wanyambo, ni mfanyakazi kamili. Usiku analinda nyumba, mchana anafuatana na wachungaji malishoni. Nyani na ngedere wakishuka shambani, yeye ndiye wa kwanza kuwatimua. Mshahara wake? Mabaki ya chakula na mahali pa kulala kwenye uchaga au nyuma ya jiko.

Mazingira yenyewe sasa. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe. Ni nchi ya vilima, kahawa, migomba na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, na mvua zake huja misimu miwili kwa mwaka. Pembeni kuna Mto Kagera, na ng'ambo kuna Rwanda na Uganda. Zipo pia hifadhi mbili zilizopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019, nazo ni Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Mbwa anayezurura hapo hukutana kwa siku moja na ng'ombe, mbuzi, mbwa wa majirani na hata njia za wanyamapori. Jioni anarudi nyumbani akiwa na abiria ambao hawakulipa nauli: kupe!

ADUI MWENYEWE NI NANI?

Mfugaji yeyote wa Kagera atakutajia ndigana kali na ndigana baridi za ng'ombe bila kufikiri mara mbili. Ng'ombe ni pesa, hivyo anaogeshwa. Mbwa je? Hapo ndipo kimya kinapotanda.

Kupe anayesumbua mbwa zaidi ni yule wa kahawia, ambaye wataalamu wanamwita Rhipicephalus sanguineus. Huyu jamaa ana tabia ya ajabu. Kupe wengi hukaa porini wakisubiri mnyama apite, lakini yeye anapenda nyumba. Anajificha kwenye nyufa za kuta, chini ya magodoro, nyuma ya mapazia na ndani ya kibanda cha mbwa. Jike mmoja akishiba damu hudondoka na kutaga mayai yanayoweza kufika elfu kadhaa. Kupe mkubwa asipopata mbwa wa kumnyonya anaweza kuvumilia njaa kwa miezi mingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kupe huyu msemo huo uchukue neno kwa neno.

Ndani ya mate yake anaweza kubeba bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Tumwite erlikia ili tusing'ate ulimi. Erlikia anaingia kwenye chembe nyeupe za damu, zile zile ambazo ni askari wa mwili. Ni sawa na jambazi anayehamia ndani ya kituo cha polisi! Kupe huchukua vijidudu hivyo anapomnyonya mbwa mgonjwa akiwa bado mdogo. Akikua na kuhamia kwa mbwa mwingine, anavihamishia huko. Na hahitaji siku nzima, saa chache za kung'ang'ania ngozi zinaweza kutosha. Habari njema kidogo ni kwamba jike hawarithishi watoto wake kupitia mayai. Kila kizazi cha kupe kinaanza upya kwa kunyonya mbwa aliyeambukizwa. Kwa hiyo mbwa asiyetibiwa ndiye ghala la ugonjwa mtaani.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935. Wakati wa vita ya Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, jeshi la Marekani lilipoteza mbwa wake zaidi ya 100 kwa ugonjwa huo. Wengi walikuwa German shepherd, aina ambayo hadi leo inajulikana kuzidiwa haraka kuliko nyingine. Kwa hiyo wewe uliyeagiza mtoto wa German shepherd kutoka mjini ili apendezeshe geti lako, kaa macho.

HATUA TATU, NA YA PILI NDIYO YENYE HILA

Ugonjwa unakwenda kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza huanza kati ya wiki moja na tatu baada ya kuumwa na kupe. Mbwa anapata homa, anakataa chakula, anakuwa mnyonge na tezi zinavimba. Wengine hutokwa damu puani. Wengi wetu tunasema "ana mafua" au "kala kitu kibaya", na baada ya wiki chache mbwa anaonekana kapona. Mnapongezana. Kumbe!

Hatua ya pili ni ya ukimya. Mbwa anakula, anabweka na kutingisha mkia kama kawaida. Lakini bakteria bado wamo, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kugande, zinaweza kuwa chini. Hali hii inaweza kudumu miezi, hata miaka. Kila kupe mchanga anayemnyonya wakati huo anaweza kuondoka na mzigo.

Hatua ya tatu ndiyo ya kilio. Si kila mbwa huifikia, ila anayeifikia hukonda, fizi zinapauka, damu inatoka puani au chini ya ngozi, macho yanaharibika na uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza damu mpya. Hapo hata daktari mzuri hatakupa ahadi.

Tatizo jingine ni kwamba dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine. Mbwa mwenye homa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi huenda ana babesia, kijidudu kingine kinacholetwa na kupe ambacho si bakteria. Mbwa wa jirani na hifadhi aliyepata ukungu machoni huenda ana nagana inayoenezwa na mbung'o. Kila moja ina dawa yake. Kubahatisha ni sawa na kurusha jiwe gizani.

WANGAPI WANAO?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu angependa lijibiwe kwa namba moja. Lakini kabla ya kuamini namba yoyote, jua jinsi inavyopatikana.

Kuna kipimo cha kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na kijidudu. Kikisema ndiyo, maana yake mbwa huyo aliwahi kukutana na erlikia. Huenda bado anao, huenda alishapona. Kuna kipimo cha vinasaba ambacho humtafuta bakteria mwenyewe ndani ya damu. Na kuna njia ya zamani, kupaka tone la damu kwenye kioo na kuchungulia kwa darubini. Hii ni ya bei nafuu, lakini wagonjwa wengi huipita bila kuonekana, kwa sababu bakteria hawa ni wachache kwenye damu. Ukiwapima mbwa wale wale kwa njia hizi tatu unaweza kupata majibu matatu tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Majibu hutegemea pia mbwa gani kapimwa. Mbwa mzee ameishi na kupe miaka mingi kuliko mtoto. Mbwa anayezurura huokota kupe wengi kuliko wa ndani ya uzio. Asiyewahi kuogeshwa kwa dawa yuko hatarini kuliko anayeogeshwa. Sasa waangalie mbwa wengi wa vijijini Karagwe na Kyerwa. Wanazurura, wanaishi na mifugo, dawa ya kupe wanaisikia kwa ng'ombe tu, na wengi hawajawahi kutolewa hata tone la damu kwa ajili ya kipimo. Huhitaji digrii kuona kwamba erlikia hapo kaandaliwa makazi. Ndiyo maana kupima mbwa wa wilaya hizi si anasa ya watafiti. Bila vipimo, daktari wa mifugo anatibu kwa hisia.

HOMA YAKO NAYO UNAIJUA?

Hapa naomba umakini, hasa wenye watoto wadogo.

Kwanza tuondoe hofu. Mbwa mwenye erlikia hakuambukizi kwa kukulamba, kukubwekea wala kulala mlangoni. Watu walioripotiwa kupata Ehrlichia canis duniani ni wachache sana. Usimfukuze mbwa kwa sababu hiyo.

Ila kupe wenyewe ni habari nyingine. Kupe wa kahawia akikosa mbwa anaweza kumuuma binadamu, na kupe wa aina mbalimbali hubeba bakteria wengine waitwao riketsia, wanaosababisha homa kali, kichwa kuuma, mwili kuchoka na wakati mwingine vipele au kidonda cheusi pale kupe alipouma.

Unadhani hayo ni mambo ya Ulaya? Sikia hii. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, Kilimanjaro. Wagonjwa 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu! Watu 118 walikutwa na maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, na kati yao 36 walikuwa na homa za riketsia zenye vipele, kundi ambalo kwa kawaida huenezwa na kupe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Kagera si Kilimanjaro. Kagera malaria ipo kweli kweli, na homa yoyote ya mtoto lazima ipimwe malaria haraka. Lakini kipimo kikisema hakuna, usilazimishe. Mwambie mganga: "Nyumbani tuna mbwa, na tuliona kupe." Sentensi hiyo moja inaweza kubadili matibabu, kwa sababu dawa ya malaria haimfanyi riketsia kitu.

Na watu wa Kagera wanajua gharama ya magonjwa ya wanyama. Virusi vya Marburg, ambavyo popo wa matunda huvihifadhi, viliibuka Bukoba Vijijini Machi 2023 na vikaua watu 6, kisha vikarudi Biharamulo Januari 2025. Ni ugonjwa tofauti kabisa na huu wa kupe, ila somo ni lile lile: afya ya binadamu na ya wanyama hazina ukuta katikati.

HATA SIMBA ANAKUHUSU

Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale, walikufa. Virusi vya distempa, ugonjwa unaohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, ndivyo vilivyoshtakiwa. Mwaka 2008 wanasayansi wakaongeza kipande kilichokosekana. Ukame uliwadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba waliowala wakapata babesia kwa wingi wakati huo huo distempa ilipopita. Jambo kama hilo lilijirudia Ngorongoro mwaka 2001. Ugonjwa mmoja wangeumudu, miwili kwa pamoja ikawamaliza. Sasa wewe unayeishi jirani na Rumanyika au Ibanda, ukimwacha mbwa wako azurure na kupe wake, usidhani hilo ni la nyumbani kwako peke yake.

HAPO NDIPO MAPENZI YANAPOINGIA

Tuseme ni wenzi wawili vijana. Mume kahamishiwa Kayanga kikazi, mke kamfuata. Nyumba ya kupanga, uzio wa miti, usiku kimya kinatisha. Wanachukua mbwa. Mume anampenda, mke anamvumilia. Baada ya miezi sita mbwa anakonda na damu inamtoka puani. Mume anataka kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Mke anasema, "Hela ya gesi hatuna, wewe unawaza mbwa?" Mume ananuna. Mke naye analala upande wa ukuta. Wiki inapita, mbwa anazidiwa, na sasa kupe wanapanda mpaka kitandani.

Unaijua nyumba hiyo? Wengi wanaijua. Na ukiangalia vizuri, ugomvi huo haukuwa wa mbwa. Ulikuwa wa maamuzi yaliyofanywa na mmoja na gharama inayobebwa na wawili.

Kwa hiyo kabla ya kuleta mbwa, kaeni chini muongee kama watu wazima. Nani atamlisha? Nani atamkagua kupe? Pesa ya dawa inatoka mfuko upi? Ataruhusiwa ndani au atabaki nje? Wapo ambao imani yao inawataka mbwa asiingie wanamoswali. Hilo liheshimiwe bila kubishana. Na ukishamchukua kiumbe, sheria nayo ipo, kwani tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayomtaka mwenye mnyama amtunze. Kumwacha afe uani kisa mmenuniana si ubabe.

Halafu kuna hili. Mtu anayeona kiumbe kinateseka mbele yake akapita kama hajaona, usitegemee siku ukilala na homa yeye ndiye atakayekesha. Sisemi umwache! Nasema mzungumze.

MAMBO SABA YA KUFANYA KUANZIA WIKI HII

1. Mkagueni mbwa kila siku wakati wa mvua, na angalau mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Fanyeni wawili, mmoja ashike kichwa, mwingine atafute. Dakika kumi tu, na mtacheka pamoja.

2. Kupe ang'olewe kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta taratibu na moja kwa moja. Msimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Msimpasue kwa kucha. Mtumbukizeni kwenye spiriti, kisha nawa mikono kwa sabuni.

3. Tumieni dawa ya kupe iliyoandikwa kwa ajili ya mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikikosewa kipimo inaweza kumlaza mbwa moja kwa moja. Na mwenye paka ajihadhari zaidi, kwani dawa zenye permethrini humuua paka.

4. Zibeni nyufa, fagieni kibanda, chomeni matandiko machakavu. Mkimwogesha mbwa mkaacha ukuta, mmefanya nusu ya kazi.

5. Mbwa akipata homa, akikonda au damu ikitoka puani, mtafuteni afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo. Ulizeni kuhusu kipimo cha damu. Sampuli huweza kupelekwa maabara za veterinari za kanda, kama ile ya Mwanza.

6. Tiba ipo! Daktari wengi huanza na doksisaiklini kila siku kwa siku 28, kwa kipimo kinacholingana na uzito. Ni kweli inauzwa hata duka la dawa za binadamu, ila msijiandikie wenyewe. Ukikatisha siku ya tano kwa sababu mbwa "kachangamka", unafuga ugonjwa na usugu wa dawa kwa pamoja. Na kupona hakumpi kinga, kupe akirudi ugonjwa unaweza kurudi.

7. Siku ya kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa, nendeni. Chanjo hiyo haizuii erlikia, ila ndiyo nafasi ya kumwonyesha mtaalamu mbwa wenu na kuuliza maswali yote haya.

SASA NI ZAMU YENU

Erlikia hana chanjo inayouzwa madukani. Silaha ni macho yenu, vidole vyenu na mazungumzo yenu. Bei ya chupa ya dawa ya kupe ni ndogo ukilinganisha na siku 28 za tiba, na siku 28 za tiba ni nafuu kuliko kuchimba shimo chini ya mgomba huku mtoto analia akiuliza rafiki yake kaenda wapi.

Basi leo jioni, mkitoka kazini, zimeni runinga kidogo. Tokeni nje wote wawili, muiteni kwa jina lake, muanze na masikio.